Mgeni Mwenye Elimu Apewe Jembe

Wahenga wetu walisema maneno mawili juu ya mgeni, na mtu ayasikiaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba yanapingana. Neno la kwanza ni hili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na la pili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. La kwanza lamkaribisha mgeni kwa kuwa huenda akaleta heri nyumbani. La pili latukumbusha kwamba mgeni naye ana mikono, wala heshima ya kweli si kumketisha kitini mpaka aondoke. Leo twataka kuyatumia maneno hayo mawili juu ya mgeni wa namna moja tu, yaani mtu mwenye elimu ajaye kutoka mbali kusema mbele ya watu: juu ya nyota, au magonjwa, au udongo, au mambo ya kale, au lugha, au asili ya mataifa. Je, yatupasa kumsikiliza namna gani? Tukubali kila asemalo kwa kuwa yeye amesoma kutupita sisi? Au tulitilie shaka kila neno lake kwa kuwa ni mgeni? Swali hili si dogo, ndugu wasomaji. Wako watu waliopona kwa kusikiliza vema, na wako watu walioumizwa sana na neno la uongo lililotoka kinywani mwa mtu mwenye sifa.

Kwanza na tuseme kweli juu ya desturi iliyoenea kwetu. Mgeni akija, kengele hupigwa, watu hukusanyika shuleni, wazee hupewa viti vya mbele, watoto huketi chini. Mgeni husema muda wa saa nzima. Akiisha, watu hupiga makofi, huimba, humpa kuku, naye hushika njia yake. Kesho yake mtu aliyekuwa shambani humwuliza mwenziwe, "Bwana, mgeni wa jana alisema nini?" Naye hujibiwa, "Ah, ndugu yangu, ulikosa! Yule mtu amesoma!" "Naam, lakini alisema nini?" "Alisema vizuri mno." Na hapo mazungumzo hukoma. Basi, mgeni amekuja kweli, lakini mwenyeji hakupona kitu. Kuku ameliwa, na jembe halikushikwa na mtu yeyote, wala mgeni wala mwenyeji.

Sasa na tuwatazame watu wengine waliosikiliza kwa namna nyingine. Habari hizi ni za mji wa London. Mwaka 1799 watu kadha wa kadha wa mji ule walianzisha chama kiitwacho Royal Institution, ili elimu ya viumbe na ya ufundi ipate kusemwa mbele ya watu, isifungwe ndani ya vyuo. Mwaka 1801 chama kile kilimwajiri kijana mmoja aliyezaliwa Penzance, pembe ya mbali ya Uingereza, jina lake Humphry Davy, mwana wa fundi wa kuchonga mbao. Kijana huyu alijua kusema. Alipofundisha kemia, yaani elimu ya asili ya vitu na jinsi vinavyoungana na kuachana, mamia ya watu walikuja, mabwana na mabibi, na magari ya farasi yakasongamana njiani. Bila shaka wengi walikuja kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya siku zile, kwenda kumsikia Davy. Walistaajabia moto na moshi, wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni, yakaisha. Lakini katika ukumbi ule waliketi pia watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, ambao hawakuridhika na kustaajabu.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, Jane Marcet. Alisikiliza, akaona kwamba maneno yanapita upesi, na mengine hayafahamu. Hakuona haya kwa hilo, wala hakujifanya kuwa amefahamu. Alirudi nyumbani akayazungumza yale aliyoyasikia, akauliza na kuulizwa, hata yakamkalia vema moyoni. Kisha akafikiri, "Ikiwa mazungumzo yamenifungulia mimi, yatawafungulia na wengine." Akaandika kitabu cha kemia kwa namna ya mazungumzo ya mwalimu mmoja mwanamke na wasichana wawili: wasichana wauliza, mwalimu ajibu, nao wauliza tena. Kitabu kile kilitoka karibu na mwaka 1806, wala hakutia jina lake ndani yake.

Wa pili alikuwa kijana maskini, Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu kidogo, basi. Akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ajifunze kazi. Vitabu vilivyoletwa ili vijalidiwe, yeye alivisoma, na kimoja katika hivyo kilikuwa kile kitabu cha Bibi Marcet. Angalieni, wasomaji, jinsi neno linavyosafiri: Davy alisema, Bibi Marcet akasikia na kuandika, na kijana asiyekuwapo ukumbini akasoma katika chumba cha kazi, mikono yake ikinuka gundi. Wala hakuyaamini maneno ya kitabu vivi hivi tu. Alinunua vitu vichache kwa fedha aliyoweza kupata, akajaribu mwenyewe kama yaliyoandikwa ndivyo yalivyo, akaona ndivyo.

Mjini palikuwa na hotuba za elimu zilizotozwa shilingi moja kila moja. Kaka yake, aliyefanya kazi ya uhunzi, akampa shilingi aende. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka la vitabu akampa vyeti vya kuingilia hotuba nne za Davy. Faraday akaenda, akaketi juu, akaandika. Aliporudi aliandika tena kwa mwandiko safi, akachora picha za vyombo alivyoviona, akaijalidi kazi yake ikawa kitabu cha kurasa zaidi ya 300. Na mwisho wa mwaka akampelekea Davy mwenyewe. Mwezi wa Machi 1813 akaajiriwa pale pale awe msaidizi katika chumba cha majaribio. Na mwaka 1831 mtu huyu aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na uzi wa shaba uliozungushwa, umeme huonekana katika uzi ule. Mashine kubwa ziletazo umeme mijini kwa nguvu za maporomoko ya maji zafuata kanuni hiyo hiyo mpaka leo.

Mtu atasema, "Faraday alikuwa na akili za pekee, na sisi je?" Twajibu kwamba hatuwezi kumpa mtu akili za Faraday, lakini yale aliyoyafanya baada ya hotuba hayakuhitaji akili za pekee. Yalihitaji karatasi, bidii, na kaka asiyeichungulia shilingi yake mara mbili. Kuandika yaliyosemwa, kuyasimulia kwa asiyekuwapo, kujaribu kwa mikono kama ni kweli: hizi ni kazi za mtu yeyote. Na asiyejua kuandika asijitoe katika neno hili. Wazee wetu waliweza kurudia shauri la siku nzima, fulani alisema hivi na fulani akajibu hivi, bila kuwa na kalamu. Kwa nini tuliokwenda shule tushindwe kurudia hotuba ya saa moja?

Hayo ni wajibu wa mwenye kusikia. Lakini mwenye kusema naye ana wajibu, na hapa ndipo jembe linapoanza kuonekana. Faraday alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, alisimama mwenyewe katika ukumbi ule ule alimoketi zamani. Tangu mwaka 1825 chama kile kilikuwa na hotuba kwa vijana siku za Krismasi, na Faraday alizitoa mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1860 na 1861, naye alikuwa na umri wa miaka 69. Alichukua nini kuwafundisha vijana? Mshumaa. Hakuchukua kitu cha ajabu kutoka mbali. Alichukua kitu ambacho kila mtoto alikuwa nacho nyumbani, akawaonyesha kwamba hawajapata kukitazama.

Wasomaji waweza kujaribu neno moja katika hayo usiku huu huu. Washeni mshumaa. Chukueni kijiko cha chuma kilicho baridi na kikavu, mkishike juu ya mwali kwa muda mfupi sana, kisha mkiondoe. Mtaona kijiko kimefanya ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Ukungu huo ni maji. Maji kutoka katika moto! Nani angaliamini kwa kuambiwa tu? Lakini aliyeona kwa macho yake hana haja ya kumwamini Faraday wala mwalimu wake, ajua. Na tena Faraday aliwaonyesha vijana kwamba pumzi ya mwanadamu nayo yafanana na kuwaka kwa mshumaa, kwa kuwa mwili nao hutumia hewa na kutoa hewa ya namna ile ile itokayo katika moto, na maji pamoja nayo. Msemaji wa namna hii hasemi, "Niaminini." Asema, "Tazameni." Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya mwenye elimu na asiye nayo.

Tena mtu huyu alijua jinsi ilivyo rahisi kudanganyika. Mwaka 1853 watu wengi wa London walishikwa na mchezo wa meza. Waliketi kuizunguka meza, wakaweka mikono juu yake, na baada ya muda meza ikaanza kwenda. Wengine wakasema ni roho za wafu, wengine wakasema ni nguvu ya umeme. Faraday hakuwaita waongo, maana aliwajua baadhi yao kuwa watu waaminifu. Alitengeneza vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikashikwa pamoja kwa gundi laini, akaviweka chini ya mikono yao. Kama meza ndiyo iliyovuta mikono, vipande vya chini vingalitangulia kusogea. Alipovifungua aliona kwamba vya juu ndivyo vilivyotangulia: mikono ndiyo iliyoisukuma meza, na wenye mikono hawakujua. Kisha akaweka unyasi wa kuonyesha mara moja mkono unaposukuma, ili watu wenyewe wauone. Na walipoutazama, meza ikatulia. Watu wale hawakusema uongo. Walitamani jambo, na tamaa yao ikasukuma bila wao kujua. Tulishike sana neno hili, maana tutalihitaji mbele kidogo, tukifika kwa mtu mwenye elimu kubwa ambaye naye mkono wake ulisukuma meza.

Tuvuke bahari twende Boston, katika Marekani. Mtu mmoja tajiri wa mji ule, John Lowell, alifiwa na mke wake na binti zake wawili, akaondoka kwenda kusafiri nchi za mbali. Mwaka 1835, alipokuwa Misri, karibu na magofu ya Luxor, alitengeneza wasia wake, kwamba nusu ya mali yake iwekwe kwa ajili ya hotuba zitakazosemwa bure mbele ya watu wa mji wake. Mwaka uliofuata akafa Bombay. Hotuba zenyewe zikaanza mwisho wa mwaka 1839. Wenye elimu wakaitwa kutoka karibu na mbali, wasemao juu ya miamba na nyota, na wasemao juu ya dini, na vitabu, na habari za kale. Tendo lile lilikuwa jema, na twaliheshimu kaburi la mtu yule.

Mwaka 1846 akafika mgeni mkubwa kutoka Uswisi, Louis Agassiz, mwana wa mchungaji. Hapana aliyekuwa na sifa kumpita katika elimu ya samaki wa kale waliogeuka mawe. Tena alikuwa amepanda milima ya Alps, akakaa juu ya barafu katika kibanda cha mawe, akapigilia vigingi katika barafu ile, akapima mwaka hata mwaka jinsi inavyokwenda polepole kama mto mzito. Kwa hayo, na kwa kazi ya wengine walioanza kabla yake, alitangaza mwaka 1837 kwamba zamani za kale barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya. Na neno lile limethibitika. Watu wa Boston walijaa kumsikia. Alichora samaki kwa chokaa ubaoni huku akisema, watu wakampenda, hata baada ya muda mfupi akapewa kazi katika chuo cha Harvard.

Lakini tusikie na habari nyingine. Siku zile zile za kwanza, alipofika mji wa Philadelphia, alihudumiwa hotelini na watu weusi. Hakuwa na mazoea ya kuwaona. Akamwandikia mama yake, mwezi wa Desemba 1846, kwamba aliwahurumia, lakini hakuweza kuondoa moyoni mwake hisia kwamba watu wale si wa damu moja naye. Na mwaka 1850, katika mji wa Charleston, mahali ambapo watu waliuzwa na kununuliwa, alisimama katika mkutano wa wenye elimu akaunga mkono mafundisho kwamba jamii za wanadamu hazikutoka katika asili moja. Wenye watumwa wakafurahi. Walikuwa wametafuta siku nyingi mtu mwenye jina kubwa wa kuwasaidia, naye amekuja mwenyewe kutoka ng'ambo.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile, na ukumbi ni wa namna ile ile. Mwenye kusikia angewezaje kutofautisha neno la barafu na neno la watu? Twasema angeweza kwa kuuliza swali moja fupi: Umejuaje? Juu ya barafu Agassiz angejibu, "Nilipigilia vigingi, nikapima." Juu ya watu angejibu nini kwa kweli? "Niliwaona wakileta sahani, nikahisi." Hisia ya siku moja mezani haigeuki kuwa elimu kwa sababu aliyehisi ajua samaki. Bila yeye kujua, mkono wake ulisukuma meza. Na jina lake lililopatikana kwa haki milimani lilikwenda kutumiwa kwa dhuluma mashambani mwa pamba.

Na yuko mtu aliyeuliza swali lile. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, karibu na mwaka 1818. Bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, mumewe akakataza. Naye mtoto akaendelea kujifunza kwa watoto wa njiani, akiwapa mkate ili nao wampe maneno. Mwaka 1838 alitoroka. Tarehe 12 Julai 1854 aliitwa na wanafunzi wa chuo cha Western Reserve, katika mji wa Hudson, Ohio, awahutubie. Siku ile mgeni mwenye kusema alikuwa mtu aliyewahi kuandikwa katika hesabu ya mali pamoja na ng'ombe. Kabla ya kwenda alivisoma vitabu vya wale aliotaka kuwajibu, akatafuta shauri kwa watu waliosoma. Hakwenda kupiga kelele. Alimtaja Agassiz na wenziwe kwa majina, akayashika maneno yao moja moja.

Alionyesha kwamba katika vitabu vyao Mzungu huchorwa kwa uso wa uzuri na utukufu, na mtu mweusi huchorwa kwa uso uliopotolewa, kisha watu hulinganisha picha hizo mbili kana kwamba zimepatikana kwa haki. Alisema kwamba yeye mwenyewe alikwenda Ayalandi, na huko aliwaona maskini weupe ambao miili na nyuso zao zilionyesha alama zile zile alizozijua kwa watumwa wa mashambani. Basi njaa na ujinga na kazi ngumu ndizo zilizowatia alama, wala si asili yao. Tena aliwaomba wasikilizaji waangalie ni nani hasa wanaoyapenda mafundisho ya asili nyingi. Karibu wote, alisema, ni wale wale wapatao faida kwa utumwa. Hili ni swali la pili, nalo ni ndugu wa lile la kwanza: Nani anafaidika tukiamini hivi? Swali hili peke yake halithibitishi uongo, kwa kuwa kweli nayo yaweza kumfaidia mtu. Lakini lamwambia msikilizaji mahali pa kutazama, kama unyasi wa Faraday ulivyowaambia wenye meza.

Miaka imepita, na neno lenyewe limepimwa kwa vipimo ambavyo Agassiz na Douglass hawakuwa navyo. Mwaka 2003 wenye elimu wa nchi kadhaa walitangaza kwamba wamemaliza kazi yao kubwa ya kusoma maandishi ya urithi yaliyomo katika mwili wa mwanadamu. Imeonekana kwamba ukichukua watu wawili wowote duniani, wa rangi yoyote, maandishi yao yatofautiana kwa kadiri ya herufi moja tu katika kila elfu. Na mifupa ya kale sana ya watu wa jamii yetu imeonekana Afrika, kama katika bonde la Omo huko Ethiopia. Damu ni moja. Mtumwa aliyesoma kwa siri alisema kweli, na mwalimu mkuu wa Harvard alikosa.

Lakini tuwe na haki, ndugu wasomaji, tusianguke upande wa pili wa njia. Wako watu ambao wakisikia kwamba mwenye elimu mmoja alikosa, hufurahi, wakasema, "Basi, elimu yote ni upuuzi, sisi tutashika ya kwetu." Huo ni uvivu uliovaa nguo ya hekima. Barafu ya Agassiz ilikwenda kweli, na vigingi vyake vilisema kweli, hata kama juu ya watu alisema uongo. Wala si elimu iliyokataliwa na Douglass. Alikosoa elimu mbaya kwa elimu bora, baada ya kukesha na vitabu. Mtu asiyekesha, akasimama mbele ya watu na kumwambia mganga au bwana shamba, "Sikubali tu," huyo hakumpa mgeni jembe, amemfukuza mgeni.

Wengine nao wasema kwamba kumwuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Twaijua adabu hiyo, nasi tumelelewa nayo, wala hatutaki ife. Lakini Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wakristo tena wana mfano wao. Watu wa Beroya walipofikiwa na wageni wenye neno jipya, hawakusifiwa kwa kupiga makofi. Walisifiwa kwa sababu walilipokea kwa moyo wa utayari, kisha wakachunguza kila siku kama ndivyo yalivyo. Na mgeni mwenyewe alikuwa Mtume Paulo. Ikiwa kumchunguza yeye kulihesabiwa kuwa uungwana, kumwuliza mwenye elimu wa siku zetu kwawezaje kuwa utovu wa adabu? Kwa kweli msemaji mwema huhuzunika asipoulizwa. Aliyepigilia vigingi atamani mtu amwulize habari za vigingi. Achukiaye kuulizwa ni yule tu asiyekuwa navyo.

Siku hizi mgeni haji shuleni peke yake. Aja kwa redio, aja kwa simu iliyo mkononi mwa kijana, aja na sauti nzuri na jina lenye herufi nyingi mbele yake, akisema juu ya dawa, juu ya mbegu, juu ya makabila na asili zao. Twaweza kumsikia usiku wa manane bila kumwona uso, wala hatuna njia ya kumpa kuku. Kwa hiyo haja ya jembe imezidi.

Basi, shauri letu kwa walimu wenzetu na kwa wazee wa vijiji ni hili. Mgeni mwenye elimu akija, apokewe kwa heshima yote, na watoto waletwe, hata walio wadogo, maana hatujui ni mtoto gani ataondoka na neno. Vijana wawili wapewe karatasi na kalamu, waandike. Msemaji akiisha, makofi yangoje kidogo, mzee mmoja asimame kwanza kwa upole, aulize: "Bwana, tumekusikia, nasi twakushukuru. Tafadhali utuambie, umejuaje hayo? Uliyaona mwenyewe, au uliambiwa na nani? Nasi twaweza kuyajaribu kwa njia gani hapa kwetu?" Jioni ya pili wale vijana wasome waliyoandika mbele ya wale waliokuwa shambani na waliokuwa wagonjwa, watu wayazungumze. Na yale yawezayo kujaribiwa yajaribiwe, kwa kijiko na mshumaa, au kwa tuta moja la mahindi pembeni mwa shamba, kabla ya kuyakubali yote au kuyakataa yote.